Lita Mia Mbili

Tunaishi London, mtaa wa Nakuru,
nyumba ya tatu kutoka kwa fundi wa viatu,
na uani petu, palipokuwa na sukuma wiki,
limesimama lori la maziwa
lililokula chumvi nyingi, kama bwana wake.

Kirwa aliliendesha miaka thelathini na moja:
Njoro, Elburgon, Molo, geuza.
Molo, Elburgon, Njoro, nyumbani.
Hakuwahi kujua barabara ya Molo inaishia wapi.
Maziwa hayangoji, alikuwa akisema,
maziwa hayamsubiri mtu atazame milima.

Siku kampuni ilipoliuza kwa mnada
alirudi nalo bila kuniambia,
akazima injini, akakaa ndani
muda wa chai kupoa.
Nikatoka na kikombe. Akasema, "Chelimo,
tulitie kitanda."

Sasa lina kitanda.
Fundi Mbuthia alikata madirisha mawili;
la upande wangu limekwenda mshazari,
anasema barabara italinyoosha.
Lina jiko la gesi, lina rafu, lina pazia
nililolishona kwa kitambaa cha sare za wauguzi,
maana nilishika stoo ya hospitali miaka ishirini na sita
na ninajua: kitu kisichohesabiwa hutembea.

Kwa hiyo mwenye daftari ni mimi.
Kirwa ana ramani. Ameibandika ukutani kwa gundi ya unga,
na kila usiku kidole chake hupanda:
Nyahururu, Rumuruti, Maralal,
Baragoi, South Horr, Loiyangalani,
halafu kidole kinaingia mahali peupe,
pasipo jina, pasipo mstari,
na hapo sauti yake inashuka
kama mtu aliyechelewa ibada.

"Hapa," anasema, "hakuna kitu."
Nauliza, sasa tunaendea nini?
"Hicho."

Naandika: maji.
Watu wawili, lita tano kila mmoja kwa siku,
siku ishirini. Lita mia mbili.
Lori lililobeba maziwa ya vijiji vyote vile,
na leo tunabishania madumu kumi!
Yeye anataka tairi la tatu la akiba.
Mimi nataka kuku wawili, wazima, kwenye tenga.
Anasema kuku hawajawahi kuona jangwa.
Nasema, na wewe je?

Naandika: dawa zake za presha, za siku thelathini,
kwa kuwa siku ishirini ni hesabu ya dereva.
Naandika: majani ya chai, tambi, uzi, sindano ya magunia.
Hofu siiandiki.
Haina kipimo, na rafu zimejaa.

Jebiwott anapiga simu kutoka Kisumu:
Mama, mkiharibikiwa huko, nani atawaona?
Nampa baba yake. Anasikiliza kwa muda,
anachora duara kwenye vumbi la kioo.
"Mwanangu," anasema, "miaka thelathini na moja
kila mtu alijua nilipo saa nne asubuhi."

Tulisema Juni, masika yakishapita.
Juni imekuwa Agosti kwa ajili ya klachi.
Majirani wamechoka kutuaga.

Jana tulilala humo, kujaribu.
Hatukutoka hata langoni. Mvua ikapiga bati,
mbwa wa jirani akaibwekea nyumba yenye magurudumu,
na usiku wa manane, kutoka kwenye kuta
zilizopakwa rangi mara tatu,
ikapanda harufu ile, nzito, chachu kidogo,
iliyokuwa ikinifikia kabla yake kila jioni.
Nilidhani amelala.
"Unaisikia?" akauliza. "Bado yamo."

Kisha mtungi wa gesi ukabingirika polepole
kutoka mlangoni mpaka miguuni petu,
nasi tumesimama, hatwendi popote.
Kumbe ua wetu una mteremko. Miaka yote hii.
Akacheka mpaka kitanda kikalia.
Nikapapasa daftari gizani,
nikaandika: kamba.